Mti Unaovuma Kabla ya Mvua

Katika vitabu vya Kifaransa ambavyo kizazi chetu kilijifunzia kusoma, mwaka ulikuwa na majira manne. Kulikuwa na picha ya theluji, picha ya majani yaangukayo, picha ya watoto ufukoni mwa bahari, na picha ya nne iliyopendwa kuliko zote: mti uliofunikwa na maua meupe, na juu yake nyuki mmoja mnene anayetabasamu. Hayo, tuliambiwa, ndiyo majira ya kuchipua. Tuliyakariri, tukafanya mtihani, tukapata alama zetu. Kisha tulitoka darasani tukapita chini ya miti ya kwetu, ambayo mwezi uleule wa Septemba ilikuwa ikichipua juu ya vichwa vyetu, wala hakuna aliyeinua macho, kwa maana kitabu kilikuwa kimesema kwamba kuchipua ni jambo la mwezi wa Machi huko Ulaya.

Nimefundisha katika shule ya ualimu kwa miaka mingi, na kila mwaka, kabla mvua hazijafika, huwauliza wanafunzi swali moja: hapa Haut-Katanga miti hutoa majani mapya lini? Walio wengi hujibu bila kusita kwamba ni pale mvua zinapoanza. Jibu hilo lina akili ndani yake, ila si kweli. Kuanzia Mei hadi Septemba hatupati mvua ya maana. Juni na Julai huleta baridi ya alfajiri, kisha moto wa nyasi hupita na kuacha udongo mweusi. Ndipo mwishoni mwa Agosti na katika Septemba, ardhi ikiwa imekauka hata jembe linadunda, misitu ya miombo huvaa majani mapya. Haingoji mawingu. Hutumia maji iliyoyahifadhi katika shina na yale ambayo mizizi yake huyatafuta chini sana, mahali ambapo mizizi ya mahindi yetu haifiki kamwe. Majani hayo machanga si ya kijani. Ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya divai, na ukiutazama mlima kwa mbali utadhani unawaka.

Watu wa Lubumbashi wanaotoka mjini siku ya Jumapili husimamisha gari ili kupiga picha ya wekundu huo. Mjini kwenyewe hutazama jakaranda, ambao ni mti wa Amerika ya Kusini ulioletwa na wakoloni, na maua yake ya zambarau hujaza barabara za mji wakati huohuo. Jakaranda hauhitaji mtangazaji. Mimi nataka kusema juu ya mti ambao hakuna anayejua kwamba unachanua.

Mahali pangu pa kulima pako kando ya njia ya Kasenga. Mpakani pamesimama miti minne ya kale: mitatu ni ile tuiitayo muputu, na mmoja ni mutondo. Karibu nayo kuna kichuguu kikubwa, kimojawapo cha vile vichuguu vya Katanga vinavyozidi kimo cha nyumba, nacho kimeota msitu wake mdogo juu ya mgongo. Upande wa nyumba kuna miembe, miti mitatu ya avoka, na mstari wa mikaratusi. Sehemu iliyobaki ni shamba la mahindi na maboga. Hakuna jambo la pekee hapo. Mtu akipita njiani ataona mamia ya mashamba yanayofanana na hili.

Mti wa muputu ukichanua huwezi kuujua kwa macho. Ua lake ni dogo, lina weupe unaoelekea kijani, na halina zile petali pana tunazozitazamia katika ua. Sehemu kubwa ya kinachoonekana ni nyuzi zake za kiume. Maua hayo hukusanyika katika vishada vifupi penye ncha za matawi, juu kabisa, yamejificha katikati ya majani. Harufu yake ni tamu lakini haitoki mbali. Kwa hiyo unapaswa kuujua mti huo kwa sikio. Simama chini yake asubuhi, jua likiwa limegusa kilele na umande umekauka, unyamaze. Kwanza utasikia tetere na magari ya njia kuu. Halafu, taratibu, utasikia sauti ya tatu ambayo haianzii mahali popote, kama sauti ya kinu cha unga kilicho kijiji cha pili. Mti mzima unavuma. Ukiinua macho hutaona kitu mpaka uchague tawi moja dhidi ya anga na kulitazama bila kupepesa. Hapo nuktanukta zitaanza kupita, kuja na kwenda, kutua na kuondoka, na ndipo utakapofahamu kwamba kila tawi lina msafara wake.

Wekundu wa majani, ambao sisi tunausafiria, hauna sehemu katika jambo hilo. Jicho la nyuki haliuoni wekundu kama sisi tuuonavyo. Ila nyuki huona aina ya mwanga ambayo kwetu ni giza, ule ulio upande wa pili wa zambarau. Yaani katika mti mmoja, mwanadamu na nyuki hutazama vitu viwili tofauti, na kila mmoja hupita pembeni ya hazina ya mwenzake.

Mutondo hauchanui wakati huo. Wenyewe hungoja mvua zimalizike, ukachanua kuelekea mwanzo wa baridi. Wachumaji wa asali wanalijua jambo hilo vizuri kuliko walimu: kuna asali ya muputu, ambayo huchumwa mvua zikikaribia au zikianza, na kuna asali ya mutondo, ambayo huchumwa baridi ikiingia. Mzee mmoja wa asali, ambaye hupita kwangu na shoka begani, alinieleza haya kwa kuonyesha miti kwa kidole tu, kana kwamba ananisomea kalenda ya ukutani.

Miembe nayo huchanua mapema zaidi, katika baridi, na wageni wake wakubwa si nyuki bali ni inzi. Nawaambia hili ili msije mkawapa nyuki sifa ya kila kitu. Lakini avoka ni habari nyingine, na katika miti yote ya shamba hakuna uliowahi kunishangaza kama huo. Kila ua la avoka hufunguka mara mbili, katika siku mbili. Mara ya kwanza hufunguka likiwa la kike, tayari kupokea chavua, kisha hufunga. Kesho yake hufunguka tena likiwa la kiume, na sasa lenyewe hutoa chavua. Kuna miti ambayo maua yake huwa ya kike asubuhi na ya kiume alasiri ya siku inayofuata. Na kuna mingine ambayo ni kinyume chake, ya kike alasiri na ya kiume asubuhi. Basi, miti ya aina hizo mbili ikisimama karibu, kila saa ya mchana upande mmoja unatoa na upande mwingine unapokea. Kinachobaki ni mjumbe wa kupita kati yao. Upepo hauwezi kazi hiyo, kwa sababu chavua ya avoka ni nzito na hunata. Nyuki anaiweza, naye huifanya bila kujua kwamba anaifanya. Alichofuata yeye ni maji matamu yaliyo katika kiini cha ua.

Wanafunzi wangu huwapeleka penye kichuguu. Juu yake kuna mti wa zamani wenye mvungu shinani, na ndani ya mvungu huo nyuki wameishi tangu kabla sijapewa mahali hapa. Tunakaa kwa umbali, bila manukato na bila kelele, kwa maana nyuki wa Afrika hawana mzaha. Kazi ninayowapa ni kutazama miguu. Kila nyuki anayerudi na chavua huibeba katika vikapu viwili vilivyo kwenye miguu ya nyuma. Mmoja huja na mzigo wa manjano hafifu, mwingine wa rangi ya chungwa, mwingine wa kijivu. Lakini nyuki mmoja hana mzigo wa rangi mbili isipokuwa kwa nadra, kwa kuwa katika safari moja yeye hushikamana na aina moja ya ua. Akianza na muputu, hupita juu ya maua mengine kama mtu aliyetumwa chumvi sokoni, asiyesimama penye vitambaa. Faida ya mti iko hapo: chavua ya muputu huenda kwa muputu, haipotei kwa jirani asiyeihitaji.

Mara nyingi mwanafunzi mmoja huuliza wanajuaje wapi pa kwenda. Ndipo ninapowasimulia habari za Karl von Frisch, mtaalamu kutoka Austria, aliyewachunguza nyuki karibu maisha yake yote na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Yeye ndiye aliyefumbua ngoma ya nyuki. Mjumbe aliyepata maua mengi hurudi mzingani na kucheza gizani juu ya sega lililosimama wima. Hukimbia mstari mfupi akitikisa tumbo, huzunguka, hurudia. Pembe kati ya mstari wake na wima wa sega ni pembe kati ya maua na jua huko nje; na kadiri anavyotikisa kwa muda mrefu, ndivyo maua yalivyo mbali. Wenzake humfuata kwa kumgusa, kisha hutoka na kwenda penyewe, hata kama ni kilometa kadhaa. Wanafunzi hufurahi sana wanapolisikia hilo, na mara moja wengine huanza kucheza.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kila mhubiri hulisema juu ya nyuki na ambalo mimi nimeacha kulisema, yaani kwamba nyuki hapumziki kamwe, nawe kijana mvivu umwige. Martin Lindauer, aliyekuwa mwanafunzi wa von Frisch, alimtia alama nyuki mmoja akamfuatilia siku baada ya siku ndani ya mzinga wenye kioo. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya muda wake nyuki huyo alikuwa amekaa tu au akizungukazunguka nyumbani akikagua. Alipokuta kazi inayohitajika, aliifanya. Mimi naona habari hiyo ni nzuri kuliko ile ya mahubiri. Anayetembea nyumbani mwake akitazama nini kimepungua hafanani na anayekimbia ili aonekane anakimbia.

Jambo jingine ambalo huwanyamazisha wanafunzi ni umri. Nyuki mfanyakazi, wakati wa kazi nyingi, huishi karibu majuma sita. Nusu ya kwanza huimaliza ndani: husafisha vyumba vya sega, hulisha watoto, hujenga kwa nta inayotoka mwilini mwake mwenyewe. Hutoka kwenda mauani katika nusu ya mwisho tu. Kwa hiyo kila nyuki unayemwona juu ya ua ni mzee. Vijana wako nyumbani, hawaonekani. Nta ninayoitaja ni ileile ambayo Kanisa tangu zamani limetengenezea mishumaa yake, na katika mkesha wa Pasaka sifa za mshumaa zinapoimbwa, kazi ya nyuki hutajwa waziwazi. Nimesimama katika mikesha mingi, na watu wachache tu niliowauliza walikuwa wamelisikia neno hilo likipita.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Septemba, mpwa wangu alikuja kunitembelea. Anasoma chuo, ana bidii, na baba yake amefariki. Minervali yake ilikuwa imechelewa. Baada ya kula bukari na kuulizana habari za nyumbani, alitazama upande wa mpaka.

“Mjomba,” akasema, “ile miti minne haizai kitu. Miembe inazaa, avoka zinazaa. Ile imesimama tu.”

“Nani aliyekuambia haizai?”

“Tangu utoto wangu sijala tunda lake.”

Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Kijana mmoja wa karibu angemsaidia kukata na kupanga magogo, wangeyafunika kwa majani na udongo, tanuri lingewaka kwa siku kadhaa, na mwishoni ingepatikana mifuko ya makala ya kutosha kulipa deni lote. Hakukosea hesabu. Ninyi nyote mnajua jinsi Lubumbashi inavyopika: kwa makala. Baiskeli zinazosukumwa alfajiri kwenye njia ya Kasenga, zikiwa zimebeba mifuko mirefu kuliko mwenye kuisukuma, hazisukumwi na watu wabaya. Zinasukumwa na akina baba wenye watoto. Jikoni kwangu pia kuna jiko la makala, na bukari tuliyokuwa tumekula ilipikwa juu yake. Mtu asiyesema hayo kwanza asizungumze na vijana juu ya misitu.

Nilimwomba alale kwangu. Asubuhi nilimpeleka chini ya muputu wa katikati, nikamwambia asikilize. Alisikiliza. Kisha akaanza kulizunguka shina, akitafuta tundu.

“Mzinga uko wapi, Mjomba?”

“Hakuna mzinga.”

“Basi wanafanya nini huko juu?”

“Wako mauani.”

“Maua gani?”

Amekulia katika shamba hili. Amepanda miti hiyo akiwa mtoto, amekaa katika kivuli chake akichunga mbuzi. Nilikunja tawi la chini kwa fimbo ndefu, nikamwonyesha kishada. Alikiweka kiganjani, akakinusa, akacheka kwa mshangao, na nyuzi ndogo zikamwangukia kwenye nywele.

Kisha nilimweleza kuhusu maboga. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limekwisha kunyauka; halipati siku ya pili. Kuna maua ya kiume na maua ya kike, na ya kike huyatambua kwa kile kiboga kidogo kilicho chini yake tangu mwanzo. Chavua hunata, haipeperushwi. Nyuki wasipofika asubuhi hiyo moja, wafike tena na tena, kiboga kile hugeuka manjano na kuanguka. Jirani wakiona hivyo husema ni mvua, au husema ni jicho la mtu. Lakini maboga huchanua Januari, na nyuki wanaoyatembelea Januari hawajazaliwa bado Septemba. Hao wa Septemba, waliokuwa wakivuma juu ya vichwa vyetu, hawatayaona maboga kamwe. Wanakusanya chavua kwa ajili ya kulisha watoto wa mzinga, kwa kuwa watoto hao hukua kwa chavua. Nao watoto watafuatwa na wengine, na wengine, mpaka mvua iwe katikati na shamba langu liwe na maua ya manjano. Kundi lisilopata chakula katika ukame wa Septemba na Oktoba hudhoofika, au huhama. Wakati huo, ukiondoa avoka chache na mikaratusi, ni nani mwingine anayewalisha hapa kama si miti hii isiyozaa?

Vilevile huhitaji mahali pa kuishi, na mvungu haupatikani katika mti mchanga. Muputu ukikatwa, kisiki chake huchipua tena, hilo ni la kweli na ni la kutia moyo. Lakini machipukizi yatahitaji miaka mingi kabla ya kuchanua, na zaidi sana kabla ya kuwa na shina la kuweza kuhifadhi kundi la nyuki. Hata uyoga tunaouchuma mvua zikianza, ule unaouzwa kando ya barabara katika mabakuli, mwingi wake huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti hiyo. Ukiondoka muputu, nao huondoka.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama alivyolelewa. Kisha akasema: “Nimeona, Mjomba. Lakini nyuki hawatanilipia minervali.”

Sikulidharau jibu hilo, wala silidharau leo. Nimewasikia watu wa mikutano wakiwaambia vijana waache makala wafuge nyuki, kana kwamba asali hutoka siku unayotundika mzinga. Na hata asali ina njia zake za kuua. Mzee wangu wa asali, kwa mfano, bado hutengeneza mizinga ya gamba: hulibandua gamba la muputu kuzunguka shina lote, akalikunja likawa kama pipa, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Mti mmoja kwa mzinga mmoja. Nimemwambia atumie gogo lililokwisha kuanguka. Husema gamba ni jepesi kupandisha. Tunaendelea kubishana.

Tulifanya hivi. Tulikata mikaratusi saba katika ule mstari, ambayo ilipandwa kwa ajili ya kukatwa na ambayo visiki vyake huchipua upesi. Minyoofu iliuzwa kuwa nguzo za kujengea, mengine yakaingia tanurini. Nyuki walipoteza kitu hapo pia, kwa maana mkaratusi una maua mazuri kwao. Muputu mmoja katika ile mitatu ulikuwa umepigwa na radi miaka ya nyuma na kukauka nusu. Tulikata matawi yaliyokufa, tukaacha yaliyo hai. Hesabu haikutimia. Dada yangu aliuza mbuzi. Deni likalipwa juma moja baada ya tarehe iliyowekwa, na chuo kikampokea.

Oktoba ilikuwa na joto kali kama ilivyo desturi. Nyuki walishuka kisimani kila adhuhuri, wakatua penye mchanga uliolowa, na watoto waliotumwa maji wakawa wanaogopa. Walikuwa wakichota kama watoto wenyewe: maji hayo huyapeleka mzingani, wakayatandaza kwa matone madogo na kuyapepea kwa mabawa ili kupoza nyumba. Tuliweka beseni lenye mawe na maji mbali kidogo na kisima, na baada ya siku chache wengi wao walihamia huko.

Mwezi uleule, upande wa pili wa mpaka, shamba la jirani lilikatwa. Siwezi kumlaumu, aliuza miti kabla ya kuuza ardhi, na alikuwa na mgonjwa hospitalini. Kwa siku nne tulisikia mashoka, kisha moshi wa tanuri ulilala juu yetu usiku kucha. Siku ya tano asubuhi tulikuta bumba la nyuki limening'inia katika tawi la avoka, kubwa kama ndoo, kimya kabisa. Walikuwa wametoka katika mti mmoja wa jirani uliokuwa na mvungu.

Nilimwita mpwa wangu, aliyekuwa amekuja kwa mapumziko. Tulikaa kwa umbali tukatazama. Juu ya bumba lenyewe, juu ya migongo ya wenzao, nyuki wachache walikuwa wakicheza ile ngoma. Hawakuwa wakitangaza maua. Katika hali hiyo wajumbe hutangaza nyumba: kila mmoja aliyekagua tundu fulani hurudi akacheza mahali lilipo, na wengine huenda kulikagua kwa macho yao wenyewe. Mwanzoni ngoma huelekea pande nyingi. Taratibu wale wa tundu baya hunyamaza, na wale wa tundu zuri huongezeka, mpaka wajumbe wengi wawe na shauri moja. Ndipo bumba lote huruka. Mpwa wangu alisema kwamba mkutano wa kamati yao ya chuo ungefaa kuja kutazama. Nilimjibu kwamba kamati nyingine pia, za watu wazima, zingefaa.

Walikaa siku mbili. Mvungu wa kichuguu ulikuwa na wenyewe. Katika shamba letu hapakuwa na mti mwingine wenye nafasi. Siku ya tatu, jua likiwa limepanda, bumba lilifunguka kama moshi, likazunguka juu ya nyumba kwa sauti ambayo iliwatoa watoto nje, likaelekea kaskazini, upande ambao bado kuna msitu. Tuliwafuata kwa macho mpaka mikaratusi ikawaficha.

Jioni hiyo mpwa wangu alivuka mpaka na kuzungumza na wachoma makala. Alirudi akivingirisha kipande cha gogo chenye uwazi ndani, kipande cha shina lilelile, ambacho kilikuwa kikingoja tanuri la pili. Ndani bado kulikuwa na mabaki ya sega. Alimlipa mwenyewe franka chache, akaziba ncha zote mbili kwa mbao na udongo, akaacha tundu dogo la mlango, akakipandisha kwa kamba katika muputu uliopigwa na radi, penye panda ya matawi yaliyo hai. Kila anapokuja kwangu huenda kwanza kukitazama kabla hajaingia nyumbani kusalimu, jambo ambalo mke wangu amekwisha kulilalamikia. Mpaka ninapoandika haya, walioingia humo ni sisimizi, na mjusi mmoja.